Ulilipa mkaja, leo unacheka tumbo?

Mwezi huu tunaongea kuhusu kitovu. Ndiyo, kitovu, kile kitundu cha katikati ya tumbo ambacho wengi wetu tunakikumbuka siku kikiwasha tu. Usigeuze ukurasa, manake humu ndani kuna ndoa ya watu.

Nimepata ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Mtwara mjini, maeneo ya Shangani. Ana miaka 34, ni mhasibu, mumewe anafanya biashara ya korosho. Wana watoto watatu, wa mwisho ana miaka miwili na alizaliwa kwa operesheni. Anasema hivi: "Dada, tumbo langu limebaki kama la mimba ya miezi mitano. Ngozi imelegea na kitovu kimetoka nje, nikivaa gauni la kubana kinaonekana kama kifungo. Mwanzoni mume wangu alikuwa ananitania, ananipigapiga tumbo anauliza huyu wa nne anatoka lini. Siku hizi hata hatanii. Juzi kaniambia msimu wa korosho ukienda vizuri atanipeleka Dar nikapunguzwe tumbo na kutengenezewa kitovu kipya. Nikafurahi, halafu usiku nikalia, na sijui nililia nini. Na huyo huyo anataka mtoto mwingine. Nifanyeje?"

Dada yangu wa Shangani, pole na hongera kwa pamoja. Nitakujibu taratibu, na wengine wote msikilize, manake najua hamko wachache.

Tumbo lina heshima yake

Kwa mliooa pwani, kuanzia Mikindani mpaka Tanga, hebu kumbukeni siku ya posa. Wazee wamekaa mkekani, mshenga anataja kimoja kimoja. Mahari, hiyo haki ya bibi harusi mwenyewe. Kilemba, hicho cha upande wa wazee wa kiume. Halafu likatajwa jambo linaitwa mkaja, likaenda kwa mama mkwe.

Mkaja ni nini? Ni ile nguo ambayo mama anajifunga tumboni akishajifungua, ili tumbo lirudi. Hela ya mkaja inamwambia mama mkwe: tunajua ulimbeba binti huyu miezi tisa, ukazaa, ukajifunga tumbo, na mwili wako haukuwa tena ule wa usichana. Ahsante, mama.

Kwa hiyo mwanaume, ulishawahi kulipia tumbo lililozaa. Ulilipa kwa heshima, kanzu imepigwa pasi, hukuuliza limelegea kiasi gani. Inakuwaje tumbo la mama mkwe linastahili heshima, halafu la mkeo, lililokuzalia wewe watoto wako mwenyewe, linapigwapigwa kama tikiti sokoni?

Sisemi upasuaji ni dhambi. Mwanamke akitaka kutengeneza tumbo lake, ni lake. Ila kuna tofauti kubwa kati ya mwanamke anayekwenda hospitali kwa sababu yeye kataka, na anayekwenda kwa sababu mwenzake kaacha kumtazama. Nafikiri dada wa Shangani alilia kwa sababu hajui yuko upande gani.

Kitovu kizuri ni kipi, kwani?

Magazeti na vidio vinatuonyesha kitovu kimoja tu: kidogo, kirefu kidogo kwenda chini, kimezama, juu yake kuna kijikunjo cha ngozi kama ukope. Hata madaktari wa upasuaji wa urembo huko duniani wengi wanalenga umbo hilohilo. Ukiwa na kingine unaona umeonewa.

Lakini hapo hapo Mtwara kuna watu walikuwa na mawazo mengine kabisa. Wamakonde, wa upande huu na wa ng'ambo ya Ruvuma, walichanja wanawake wao chale za urembo tumboni, kuzunguka kitovu na kushuka chini yake, kisha wakapaka mkaa ili zikae nyeusi. Chale hizo waliziita dinembo, na sisi kwenye Kiswahili tunalo neno nembo. Msichana aliyechanjwa alionekana amekua na ni mzuri.

Tena kuna kinyago chao kinaitwa njorowe. Hiki hakivaliwi usoni, kinafungwa kifuani na tumboni. Ni kibao kilichochongwa matiti na tumbo la mwanamke mjamzito, kitovu kimetokeza mbele, nakshi za chale zimekizunguka. Anayekivaa na kukichezea ni mwanaume! Leo vinyago hivi viko kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani, watu wanalipa kiingilio kutazama tumbo la aina ileile ambalo wewe dada unalificha chini ya kanga.

Sikwambii ukachanjwe chale. Nasema tu kitovu kizuri ni mambo ya wakati na mahali, kama suruali. Ukijua hivyo unakwenda kwa daktari ukiwa umetulia, hukimbizwi na mtu.

Na hili la kwamba mkunga alikata vibaya ndo maana kitovu kimetoka, tuliache. Umbo la kitovu linatokana na jinsi kidonda kilivyopona na jinsi ukuta wa tumbo ulivyojifunga. Mkunga wa watu hana kosa.

Kwanza jua tatizo lako ni lipi

Tumbo lililobaki baada ya kuzaa linaweza kuwa na mambo manne tofauti, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni mafuta. Hayo yanaondoka kwa chakula na mazoezi. Upasuaji wa tumbo sio njia ya kupunguza uzito, na daktari mzuri atakutaka ushushe kilo kwanza, kisha ukae na uzito huohuo kwa miezi kama sita.

La pili ni misuli kuachana. Mbele ya tumbo kuna misuli miwili mirefu, kulia na kushoto, imeunganishwa katikati na utepe mgumu. Mimba inautanua ule utepe. Jipime mwenyewe: lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo, kisha bonyeza vidole juu ya kitovu. Kama vidole viwili au zaidi vinazama kati ya misuli, imeachana. Kwa wengi inarudiana yenyewe miezi ya mwanzo baada ya kuzaa, na mazoezi maalumu chini ya mtaalamu wa fiziotherapia yanasaidia. Lakini sio yale ya kulala chali na kuinuka kwa kasi mara mia, hayo yanaweza kukuzidishia.

La tatu ni ngozi. Ngozi iliyotanuka sana ikapasuka michirizi haijui kurudi. Hapa hakuna krimu, hakuna chai ya kupunguza tumbo, hakuna mkanda wa jasho. Asikudanganye mtu na hela yako. Mkaja wenyewe unakushika, unakupa nguvu ya kusimama na kutembea, ila haukati ngozi.

La nne ni ngiri ya kitovu. Hii ni tundu kwenye ukuta wa tumbo, mafuta au utumbo unachungulia. Dalili yake ni kitovu kinachovimba ukikohoa au ukinyanyua kitu, kisha kinarudi ukilala. Dada wa Shangani, kitovu chako "kama kifungo" kinaweza kuwa ni hiki, na hapo habari inabadilika: ngiri ni ugonjwa, sio urembo. Inatengenezwa na daktari wa upasuaji wa kawaida, huna haja ya kusubiri msimu wa korosho wala kwenda Dar. Anzia Ligula, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, na walio karibu na Masasi wana hospitali ya misheni ya Ndanda. Uvimbe ukiwa mgumu, unauma, haurudi ndani na unatapika, usingoje asubuhi. Kimbia hospitali saa hiyohiyo.

Fundi anafanya nini na kitovu chako?

Watu wengi wanadhani kitovu kinakatwa, kinatupwa, kinawekwa kingine. Kwa kawaida sivyo. Hebu tuingie chumba cha upasuaji.

Unapewa nusu kaputi, unalala. Daktari anachana chini ya tumbo, kutoka nyonga moja hadi nyingine, mara nyingi palepale lilipo kovu la operesheni ya kuzalia au chini yake kidogo. Ananyanyua ngozi na mafuta yake kutoka kwenye misuli, akipanda kuelekea mbavuni. Akifika kwenye kitovu anakata ngozi kukizunguka, anakiacha kimesimama kwenye shina lake juu ya misuli, kama uyoga. Misuli iliyoachana anaivuta pamoja na kuishona katikati. Kisha anavuta ngozi yote chini kama mtu anayetandika shuka, anakata inayozidi.

Sasa kitovu kiko wapi? Kipo palepale, kimefunikwa. Daktari anapima kwa futi mahali pake, anatoboa dirisha dogo kwenye ngozi mpya, anakitokeza na kukishona. Kwa maneno mengine kitovu hakihami, ngozi ndiyo inayohama. Wale mnaosema "kitovu changu kimezikwa Mikindani" msiwe na wasiwasi.

Zamani haikuwa hivi. Daktari Howard Kelly wa Baltimore, Marekani, alipoandika mwaka 1899 kuhusu kukata tumbo lililoning'inia, shida ilikuwa kuondoa mzigo, na siku hizo mgonjwa aliweza kutoka chumbani hana kitovu kabisa. Ilikuwa mwaka 1957 ambapo daktari mwingine wa huko, Vernon, alieleza jinsi ya kukiacha kitovu kwenye shina na kukipa tundu jipya. Miaka ya 1960 Ivo Pitanguy wa Brazil akaufanya upasuaji wa tumbo ujulikane dunia nzima.

Ufundi wenyewe uko kwenye vitu vidogo. Shina likiwa refu kitovu kitatokeza, kwa hiyo linafupishwa na kushonewa kwenye misuli ili kizame. Mafuta ya pembeni yanapunguzwa ili kuwe na kibonde. Na kovu la duara lina tabia ya kujikunja kama mdomo wa mfuko wa kamba, kitovu kikajifunga kikawa kitundu cha sindano. Ndo maana madaktari wengi wanakata kwa umbo la mstari wima au la V, ili kovu lisiwe duara kamili na lijifiche ndani.

Kama ngozi haikutosha kuvutwa mpaka chini kabisa, lile tundu la kitovu cha zamani linashonwa, linakuachia kovu dogo la wima chini ya kitovu. Uliza mapema kama wewe utakuwa nalo. Na kama kitovu kimeharibika kabisa, labda kwa ngiri kubwa au operesheni za nyuma, hapo ndipo daktari anaunda kipya: anatumia vipande vidogo vya ngozi ya palepale, anavikunja na kuvishona kwenye misuli ili pawe na shimo.

Pia kuna upasuaji mdogo, kwa mwenye ngozi inayozidi chini ya kitovu tu. Huo haukigusi kitovu, na kovu lake ni fupi. Sio kila mtu anahitaji ule mkubwa.

Kabla ya kisu, mwambie daktari akuonyeshe kitovu chako kwenye kioo. Watu wengi hatuna kitovu kilichokaa katikati kabisa, ila hatujawahi kupima. Bora ujue leo kuliko kumlaumu daktari baadaye kwa upande ambao umezaliwa nao. Na wale wa shanga, zinavuliwa kabla ya upasuaji, na zinakaa pembeni mpaka kovu lipone vizuri.

Kitovu kinapogoma

Huu ni upasuaji mkubwa, jamani. Sio kwenda saluni.

Kitovu kinapata damu kutoka pande mbili: kwenye ngozi inayokizunguka na kutoka chini, kwenye shina. Daktari akishakata ngozi kukizunguka, kinabaki kinategemea shina tu. Sasa kama ulishawahi kufanyiwa ngiri, au ngiri inatengenezwa siku hiyohiyo, shina nalo linaweza kuwa limeguswa. Kitovu kikikosa damu kinakuwa cheusi na kufa. Kwa hiyo kila operesheni ya tumbo uliyofanya, hata ya miaka 15 iliyopita, itaje. Sigara nayo inabana mishipa ya damu, kwa hiyo mvutaji anaacha angalau wiki nne kabla na nne baada. Kisukari kinatakiwa kiwe kimeshikwa vizuri. Hapa hakuna kumficha daktari kama unavyomficha mama yako.

Sisi wenye ngozi nyeusi tuna la ziada: makovu yanayovimba na kuenea, keloidi. Tazama kovu lako la operesheni ya kuzalia, la sikio ulipotoboa, la chanjo begani. Kama yalivimba yakapita mpaka wake, mwonyeshe daktari kabla hajashika kalamu ya kuchorea. Kovu la tumbo zima ni refu, na la kitovu liko mahali ambapo mpenzi wako atalala anaangalia.

Kuna maji kujikusanya chini ya ngozi, ndo maana watu wengine wanatoka na mrija wa kuyatoa. Kuna wadudu kuingia kwenye kidonda. Kuna ganzi ya ngozi, tumbo la chini linakuwa halisikii kwa miezi, mara nyingine zaidi. Na kubwa kuliko yote ni damu kuganda kwenye mishipa ya miguu na kupanda hadi kwenye mapafu. Hiyo inaua. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, hospitali hapo hapo, usiku au mchana.

Safari ya Dar

Mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilianza kutoa upasuaji rekebishi wa urembo, wa kupunguza tumbo ukiwemo. Kwa hiyo si lazima tena upande ndege kwenda India au Uturuki. Popote utakapokwenda, uliza maswali haya bila aibu: Daktari ni bingwa wa upasuaji wa plastiki? Amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika? Nani ananipa usingizi? Nikizidiwa, chumba cha wagonjwa mahututi kiko wapi, na damu ipo? Naweza kuona picha za watu wenye ngozi kama yangu, na vitovu vyao baada ya mwaka mzima? Akikasirika na maswali, chukua pochi yako uondoke.

Watu wa Mtwara mna hesabu ya ziada, ya barabara. Kwenda Dar ni zaidi ya kilomita 550, siku nzima kwenye basi. Baada ya upasuaji huu, kukaa magoti yamekunjwa siku nzima ni kuialika damu igande. Kwa hiyo usipange kwenda Ijumaa na kurudi Jumatano. Tafuta ndugu Dar wa kukaa kwake mpaka daktari akuruhusu kusafiri, na uwe umerudi kumwona angalau mara mbili. Usipange msimu wa mvua kubwa pia. Mnakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya, barabara ya kusini ilivyokatika? Sio wakati wa kuwa na nyuzi tumboni.

Bajeti nayo usihesabu operesheni peke yake. Kuna vipimo, dawa, mkanda wa tumbo wa kuvaa wiki kadhaa, nauli ya anayekusindikiza, na wiki mbili mpaka nne bila kazi ya ofisini. Bima ya afya kwa kawaida haigusi mambo ya urembo.

Halafu kuna nyumbani. Kwa wiki kama sita hunyanyui kitu kizito. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na mtoto wa miaka miwili ana kilo kama 12 na hajui neno upasuaji. Nani atambeba? Nani atachota maji, atapika, atafua? Kama jibu ni "mama mkwe atakuja", mmeshamwambia?

Shemeji, sasa tuongee

Shemeji yangu wa korosho, sina ugomvi na wewe. Umesema utalipa, na wanaume wengi wasingesema. Ila naomba nikuulize kitu kimoja.

Unataka mtoto wa nne. Unataka na tumbo jipya. Vyote viwili sawa, lakini vina mpangilio wake. Madaktari wanashauri upasuaji huu ufanyike mwanamke akishamaliza kuzaa. Akipata mimba baada yake hatakufa, na mtoto anaweza kukua vizuri, ila misuli iliyoshonwa inaweza kuachana tena na ngozi ikalegea upya. Utakuwa umelipa magunia ya korosho kwa kazi ya mwaka mmoja. Kwa hiyo kabla ya kuongelea kitovu, ongeeni kuhusu mtoto. Kaeni chini, watoto wakilala, simu zimezimwa. Yeye anamtaka huyo wa nne? Umeshamwuliza, au umetangaza tu?

Na lingine. Umeacha kutania, sawa, lakini umeacha na kumsogelea? Mwanamke anajua mkono unaokwepa tumbo. Anazima taa yeye mwenyewe kabla hujazima wewe. Daktari anaweza kushona misuli, akakata ngozi, akatengeneza kitovu kizuri kama cha msichana wa kwenye kalenda. Hawezi kushona maneno uliyomwambia. Atarudi kutoka Dar na tumbo bapa na bado anazima taa.

Jaribu kitu, shemeji. Kabla msimu haujaanza, kabla hela haijaingia, mwambie kuhusu lile tumbo maneno uliyomwambia mama yake siku ya mkaja. Huna haja ya ushairi. Ahsante tu inatosha.

Na wewe dada wa Shangani

Mambo yako ni haya, kwa mpangilio.

Moja, wiki hii nenda Ligula ukapimwe kitovu. Kama ni ngiri, itengenezwe kama ugonjwa. Mwambie daktari kwamba huko mbele unafikiria upasuaji wa urembo, ili ajue na aandike alichofanya. Ile karatasi itunze.

Mbili, jipime misuli. Kama imeachana, tafuta fiziotherapia ujaribu miezi kadhaa. Hata kama haitafunga yote, mgongo utakushukuru.

Tatu, amua kuhusu mtoto wa nne, wewe na mumeo, na jibu lako lihesabike sawa na lake. Kama bado mnazaa, kisu kinasubiri.

Nne, jiulize swali hili ukiwa peke yako bafuni: mume wangu angekuwa haoni, ningeenda kufanya? Kama jibu ni ndiyo, manake nguo hazinikai, ngozi inachubuka kwa jasho, nikijiangalia sijioni, basi nenda bila kuona haya, na ukirudi usimwombe mtu msamaha. Kama jibu ni hapana, unakwenda kwa ajili ya macho yake tu, basi ngoja kwanza. Macho ya mtu yana dawa nyingine, na haiuzwi hospitali.

Kuna wanaosema mke mwema anaridhika na alivyo, na kuna wanaosema mke wa kisasa lazima ajipige msasa. Wote wawili wanaongea wakiwa mbali na tumbo lako. Aliye nalo ni wewe.

Wasomaji wengine, niandikieni. Akina kaka hasa: mliwahi kusema neno kuhusu mwili wa mke wenu mkaona limekaa ndani yake miaka? Mlilitoaje? Majina tunayaficha kama kawaida yetu.

Mpaka mwezi ujao, tupendane, na usiku wa leo taa isizimwe haraka.